Unga Juu ya Mtambo

Siku ya kwanza kumwona, fundi alikuwa anakagua bawaba za lango letu. Nilimkuta nje asubuhi, mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mkoba mzito begani, miwani moja machoni na nyingine ameipandisha kichwani. Hakubisha hodi. Alikuwa ameinama anatazama misumari kama mtu anayetaka kulinunua lango lenyewe.

"Hili mtu analing'oa kwa bisibisi tu," alisema. Ndipo akainua kichwa. "Wewe ndiye mlinzi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Ufunguo wa chumba cha mtambo anao nani?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna mwingine."

Akatoa daftari dogo, akalamba kidole, akafunua ukurasa, akaandika. Mimi ni mtu wa maneno machache, na mtu anayenitia daftarini kabla ya kunisalimia hunifanya nijihisi nimeshaiba kitu. Nilimfungulia, akaingia. Salamu aliitoa akiwa ameshanipa mgongo.

Kituo chetu cha redio kilikuwa nyumba ya vyumba vinne tu. Studio ilikuwa mbele, kuta zake zimebandikwa magodoro ili sauti isirudi. Iliyofuata ni ofisi ya Mkurugenzi, halafu stoo, na nyuma kabisa chumba cha mtambo wa kurushia matangazo, chenye dirisha moja la wavu na mnara wa chuma uliosimama nje yake. Kando ya lango palikuwa na vyumba viwili ambamo nilikaa na mke wangu na watoto wetu watatu. Vyumba hivyo vilikwenda na kazi. Kazi ikiisha, na vyumba vimeisha.

Nililinda, nilifagia, na nilizima na kuwasha mtambo. Saa tatu usiku matangazo yakiisha nilizima, na saa kumi na moja kasorobo alfajiri niliwasha, ili mtangazaji akiingia akute mtambo umeshapata joto. Kuzima na kuwasha nilifundishwa na fundi mkuu wa zamani, ambaye sasa ni marehemu. Alinishika mkono kabisa akanionyesha kwa mpangilio, nami nikafuata mpangilio ule miaka kumi na mmoja. Tangu afariki hakuna aliyewahi kuniuliza nafanyaje. Watu waliona redio inazimika na inawaka, wakaridhika.

Mtambo ule wa zamani ndio uliokuwa umeungua. Mkurugenzi akapata mwingine uliokwisha kutumika kwa watu wengine huko, akamwita fundi huyu aje aufunge.

Alifanya kazi siku mbili akiwa amejifungia kwa ndani. Siku ya tatu alitufungulia mlango, akatuita wote: Mkurugenzi, mtangazaji, na mimi niliyesimama kizingitini. Alituonyesha kisanduku cheusi chenye taa moja ya kijani.

"Humu ndani kuna chipu ya saa," alisema. "Si saa ya kuwaambia sasa ni saa ngapi. Hii inapiga mapigo. Ukiiambia ipige hivi, mnasikika kwenye tisini na moja nukta sita. Ukiiambia ipige vile, mnasikika kwingine. Nimeiandikia namba yenu kwa kompyuta. Sasa tazameni."

Akachomoa waya ukutani. Taa ya kijani haikupepesa. Kwenye redio ndogo ya Mkurugenzi muziki wetu uliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Betri ya akiba imepokea," fundi alisema. "Umeme hata ukikatika mara ishirini kwa siku, haisahau. Ikisahau, basi kuna mkono wa mtu."

Mtangazaji akapiga makofi. Fundi hakucheka. Alinitazama mimi, akafunga daftari.

Kesho yake asubuhi mtangazaji alisalimia wasikilizaji kwa dakika kumi na tano kabla ya simu ya kwanza kuingia. Alitoka studio hedifoni zikiwa shingoni, mdomo wazi.

"Mzee Kufuli!" Ndivyo walivyoniita, kwa ajili ya ufunguo na kwa ajili ya ukimya wangu. "Tuko wapi?"

"Tuko kazini."

"Tuko tisini na saba nukta mbili! Tumekaa juu ya redio ya jirani! Watu wanasikia habari zao na mimi ndani yake nawatakia asubuhi njema!"

Tulizima tukakaa kimya hadi fundi alipofika. Alichomeka kompyuta yake kwenye kisanduku, akabadilisha miwani, akasoma.

"Namba imebadilishwa," alisema.

"Imeharibika?" Mkurugenzi aliuliza.

"Kitu kikiharibika kinatoa takataka. Hiki kimetoa namba safi, tena namba ya watu. Mtu ameandika."

Hakuna aliyenitazama, na kutotazamwa kule ndiko kulikonichoma. Aliandika upya namba yetu, akachomoa waya wa ukutani tena, akauchomeka. Namba ilibaki pale pale. Siku nzima tulisikika vizuri, na umeme ulikatika mara mbili mchana bila madhara. Asubuhi iliyofuata tukawa tena juu ya jirani.

Siku ya tatu ilikuja barua kutoka ofisi ya serikali inayogawa masafa. Mkurugenzi aliisoma amesimama. Tukisikika tena mahali pasipo petu, hata kwa dakika moja, leseni inafungiwa. Akaniita ofisini. Fundi alikuwa ameketi pembeni, mkoba mapajani.

"Mzee," Mkurugenzi aliniambia, "mimi sisemi ni wewe. Lakini ufunguo ni mmoja. Nampa fundi mpaka Ijumaa. Ikifika Ijumaa bado kisanduku kinaguswa, utaniachia ufunguo, na vyumba utampisha mlinzi mwingine. Umenielewa?"

Nilisema ndiyo. Nilitaka kusema mengine, lakini maneno yangu huwa yanafika nikishatoka mlangoni.

Tangu siku hiyo fundi alikuja kila alfajiri, nikiwa nimeshawasha. Aliniagiza kila usiku nikishazima niutenge waya wa mnara, ili tusisikike popote mpaka yeye ahakikishe namba. Kila alfajiri aliikuta imepotea, akaiandika upya, ndipo akarudisha waya. Jioni saa kumi na mbili, kabla ya kuondoka, alikuwa na kazi yake nyingine. Alitoa mkobani pakiti ya unga wa ngano na kichujio cha chai, akanyunyiza unga juu ya kisanduku chote, mwembamba kama vumbi. Halafu alifunga uzi mweusi kwenye kitasa, nikishika mimi taa.

"Uzi huo nitaukata nikija kuzima," nilimwambia.

"Ukate. Ila nitajua umekatwa mara moja au mara mbili."

Mtangazaji alipouona unga alicheka hadi akashika ukuta. "Bi Unga! Tunakaanga nini humu?" Jina likamganda. Mwenyewe alilisikia, akaliandika daftarini pamoja na aliyelisema.

Asubuhi ya kwanza unga ulikuwa haujaguswa, na namba ilikuwa imepotea. Fundi aliinama pale muda mrefu, pua karibu na kisanduku.

"Huyu mtu," alisema taratibu, "ni hodari kuliko nilivyodhani."

Asubuhi ya pili palikuwa na alama. Vidole vidogo vidogo, na katikati mstari uliojipinda. Mtangazaji alichungulia begani kwake.

"Tumempata," alisema. "Mfupi, vidole vitano, ana mkia. Mzee Kufuli, onyesha mgongo wako."

Hata mimi nilicheka. Fundi alitazama darini, akamwona mjusi wake, akanyunyiza unga upya. Namba ilikuwa imepotea vilevile.

Nisijifanye malaika. Wakati yeye ananishuku mimi, mimi nilikuwa namshuku yeye. Niliona kabla hajaja mambo haya hayakuwepo. Niliona kila tukipotea yeye ndiye anayeitwa, na kila akiitwa anajifungia. Anaandika namba gani mle ndani, nani amewahi kuiona? Adhuhuri moja nikifagia nyuma ya nyumba nilimsikia dirishani akinong'ona kwenye simu.

"Ndiyo, tisini na saba nukta mbili. Hapo hapo kwenu. Saa kumi na moja kasorobo asubuhi zote zile? ... Vizuri sana. Asante. Hapana, hapa sijamwambia mtu."

Ufagio ulinidondoka. Kwenu! Anaongea na jirani! Nilimweleza mke wangu tukiwa tunachambua mchele.

"Basi mwambie Mkurugenzi," alisema.

"Nimwambie nini?"

"Ulichosikia, baba watoto."

"Na akiniuliza nilikuwa nafanya nini chini ya dirisha?"

Mke wangu aliweka ungo chini. "Wewe utafukuzwa na mdomo wako uliofungwa, si na huyo mama."

Alhamisi ilinyesha mvua kubwa mchana. Fundi alikuwa akitoka, ikamkuta langoni, akaingia kwenye kibanda changu. Benchi ni moja, ikabidi tukae pamoja. Nilimpa chai. Alinusa kikombe, akasubiri nikanywa changu, ndipo akanywa chake.

Nilikuwa sijui kuanzisha mazungumzo. Alianza yeye, akitazama mvua.

Baba yake alitengeneza redio katika chumba kimoja chenye meza moja. Macho yalimwisha mapema. Akawa anamweka binti yake gotini, huyu huyu aliyenusa chai yangu, na kumwambia amsomee rangi za waya. Nyekundu, bluu, njano. Kufikia umri wa miaka kumi alikuwa analehemu mwenyewe na baba anashika tu mkono wake asiungue. Wateja hawakuambiwa. Waliamini mzee ndiye anayetengeneza, na binti alikuwa anafagia tu.

Baadaye alipata kazi kwenye karakana kubwa, mwanamke peke yake kati ya wanaume tisa. Alikaa miaka kumi na miwili. Siku moja kikapotea chombo cha kupimia mawimbi. Funguo za kabati zilikuwa tatu, yeye na wanaume wawili.

"Unajua walimfukuza nani?" aliniuliza.

Nilitikisa kichwa, ingawa nilijua.

"Nilikwenda nyumbani na bisibisi zangu kwenye mfuko wa nailoni. Watu walinifungulia mkoba langoni, mbele ya wote. Katika miaka kumi na miwili hawakuwahi kuufungua." Akanywa chai. "Mwaka uliofuata walihamisha kabati lile. Kipimo kikakutwa nyuma yake, kwenye ukuta."

"Kumbe kilianguka."

"Kilisukumwa," alisema.

"Na nani?"

"Hilo ndilo nimelitafuta mpaka leo." Mvua ilikuwa imepungua. Alisimama, akakung'uta sketi. "Mimi sikuiba. Lakini wewe, baba, sikujui."

Jioni ile homa ilinishika. Labda ni mvua, labda ni Ijumaa iliyokuwa inakuja. Nilitetemeka chini ya blanketi mbili, mke wangu akampelekea mtangazaji ufunguo ili afunge yeye matangazo. Mtangazaji alibonyeza kitufe chekundu studio, kile cha kunyamazisha mnara, akafunga mlango, akaurudisha ufunguo, akaenda zake kulala.

Alfajiri fundi alikuja kama kawaida. Nilijikokota kwenda kumfungulia. Alichomeka kompyuta, akasoma. Akasoma tena. Halafu akageuka.

"Ipo," alisema. "Tisini na moja nukta sita. Haijaguswa."

Nilifurahi. Nilikuwa mjinga kiasi hicho, nilifurahi kabisa, nikasema, "Alhamdulillahi, imepona."

"Haijapona," alisema. "Jana ufunguo hukuwa nao wewe."

Saa tatu asubuhi tulikuwa ofisini. Fundi alisoma kutoka daftarini, siku kwa siku, kwa sauti isiyo na hasira, kama mtu anayesoma majina ya wagonjwa. Siku ambazo mlinzi alifunga, namba imepotea. Siku moja ambayo mlinzi hakufunga, namba ipo. Na jirani naye, aliyekuwa akimpigia simu kumwomba amtajie muda wa kelele zetu, amesema kila mara kelele zilianza saa kumi na moja kasorobo, saa ya mlinzi. Nilielewa sasa alichokuwa akinong'ona dirishani, nikaona aibu, na aibu ile haikunisaidia kitu.

Mkurugenzi alinyoosha kiganja juu ya meza.

Niliuweka ufunguo pale. Ulikuwa umefungwa kwa kamba ya kiatu cha binti yangu wa mwisho. Mkurugenzi aliniambia nina mpaka Jumatatu kwenye vyumba.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Nilikaa mlangoni nikimtazama anavyokunja, shati juu ya shati.

"Uliwaambia nini?" aliuliza.

"Sikusema."

"Hata kidogo?"

"Walikuwa na daftari."

Aliacha nguo, akaja akasimama mbele yangu mikono kiunoni. "Sikiliza. Wewe huwezi kusema, sawa. Mungu hakukupa. Lakini mikono alikupa. Nenda kamwonyeshe yule mama mikono yako inafanya nini kila siku mle ndani. Fanya tu, usiseme. Tukiondoka hapa tuondoke umeshaonyesha."

Nilimkuta fundi anafunga mkoba wake. Kazi yake ilikuwa imekwisha, mwizi ameshapatikana. Nilisimama kizingitini.

"Mama, naomba nikuonyeshe ninavyozima."

"Najua unavyozima."

"Hujaniona."

Aliweka mkoba chini. Nadhani lilikuwa jambo geni kwake, kuambiwa hajaona kitu. Alimwomba mtangazaji awaage wasikilizaji kwa muda, akautenga waya wa mnara, akasogea pembeni.

"Haya. Fanya kama siku zote."

Nilibonyeza kitufe cha kunyamazisha, ndugu wa kile cha studio. Nikashusha swichi kubwa ya ukutani. Kisha nikapiga goti, nikapitisha mkono nyuma ya rafu ya betri hadi begani, shavu langu likigusa ukuta, nikaipapasa swichi ndogo ya chuma, nikaivuta. Taa ya kijani ikazimika.

"Simama hapo," fundi alisema. "Hiyo ni nini?"

"Ya betri."

"Betri ina swichi?"

"Aliiweka marehemu fundi mkuu. Alisema betri isipokatwa usiku inakufa mapema. Swichi kubwa kwanza, halafu ya betri. Asubuhi, ya betri kwanza."

"Kila usiku?"

"Miaka kumi na mmoja."

Alipiga goti yeye mwenyewe, kwa shida, akaingiza mkono nyuma ya rafu. Nilimwona usoni vidole vyake vilipoifikia. Alikaa vile, mkono umemezwa na ukuta, miwani imemteremka hadi ncha ya pua.

"Washa," alisema akiwa bado chini.

Niliwasha. Taa ikaja. Alichomeka kompyuta, akasoma, akanigeuzia kioo nione mwenyewe. Tisini na saba nukta mbili.

Aliandika namba yetu. "Zima vyote viwili. Washa." Tisini na saba nukta mbili. Akaandika tena. "Zima swichi kubwa tu. Washa." Tisini na moja nukta sita. "Vyote viwili." Tisini na saba. Tulirudia mara nne, mpaka mtangazaji akaja kuchungulia mlangoni akarudi, na kati yetu hakuna aliyesema neno zaidi ya zima na washa. Goti langu liliuma. Sijawahi kufurahia maumivu namna ile.

Mwishoni alikaa juu ya mkoba wake, akakunja mikono.

"Chipu ina kumbukumbu mbili," alisema, na alinieleza mimi, si Mkurugenzi. "Moja unaandika na kufuta unavyotaka, lakini inaishi kwa umeme. Ukiukata umeme wote, imekwenda. Nyingine inaandikwa mara moja tu maishani, kama kovu. Mimi nilidhani hii bado ni tupu, kumbe waliokuwa na mtambo huu kabla yetu walishaandika ya kwao, ambayo huku ni ya jirani. Ikizimika kabisa ikaamka, inaamka inawakumbuka wao."

"Kwa hiyo hakuna mtu."

Alikuwa anatazama unga uliobaki kwenye pembe za kisanduku.

"Nilichomoa waya wa ukutani mbele yenu wote," alisema. "Nikasema nimekata umeme. Betri ilikuwa inanicheka." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Nimekuuliza nani ana ufunguo labda mara thelathini. Unafanya nini nao, sikukuuliza hata mara moja."

Alisimama akaenda ofisini. Nilimfuata hadi mlangoni. Hakuketi. Alimweleza Mkurugenzi yote kwa maneno machache, kwamba kosa ni lake mwenyewe, akaandika hivyo daftarini mbele yake, akapiga mstari, halafu akanyoosha mkono, akauchukua ufunguo juu ya meza bila kuomba, akanipa. Mkurugenzi alisema, "Basi, yamekwisha." Jioni mke wangu alifungua mabegi akarudisha nguo kabatini, shati juu ya shati, nami nikayahesabu kwa macho mpaka la mwisho.

Fundi alikubali kwamba marehemu alisema kweli kuhusu betri, hivyo dawa ilikuwa kibao kidogo cha kielektroniki cha kuikumbusha chipu namba yetu kila inapoamka, lakini kibao kilichukua wiki tatu kufika. Wiki hizo tatu mkumbushaji nilikuwa mimi. Fundi aliniachia kompyuta yake kuukuu na kadi yenye hatua sita kwa herufi kubwa. Mimi niliishia shule ya msingi, na kompyuta nilikuwa nazipangusa tu. Alfajiri ya kwanza nilibonyeza kila kitufe kwa kidole gumba. Nilipomaliza simu ikalia.

"Umeandika ngapi?"

"Tisini na moja nukta sita."

"Nisomee kutoka kwenye kioo, si kutoka kichwani."

Nikamsomea.

"Sasa toka nje na redio, uniambie unamsikia nani."

"Namsikia mtangazaji wetu."

"Una uhakika ni wetu?"

"Mama, nani mwingine anaweza kucheka hivyo alfajiri?"

Alipiga simu kila siku kwa wiki tatu, hakukosa hata moja. Na kibao kilipofika, akakifunga, alinifanya nizime na kuwasha mara kumi, vyote viwili, yeye amepiga goti pale pale na mkono nyuma ya rafu. Kila mara alisema, "Tena."

Baada ya hapo alikuja mara moja au mbili kwa mwaka, kukagua. Hakubadilika sana. Alitazama bawaba za lango kwanza, salamu baadaye. Mtangazaji alimwita Bi Unga usoni kabisa naye akaitikia. Lakini akifika kituo chochote kipya, na nilisikia haya kwa mafundi wengine, alikuwa anamtafuta kwanza anayefagia, anamkalisha, anamwambia, "Nionyeshe mikono yako inafanya nini humu." Watu walidhani ni ushirikina. Na unga aliendelea kutembea nao. Nilimwuliza wa nini sasa. Alisema, "Mijusi nao wapo."

Mwaka wa sita hakuja. Simu yake ilipokelewa na dada yake, aliyeniambia amelazwa, kifua. Nilimwachia mtangazaji ufunguo, nikaenda siku hiyo hiyo.

Alikuwa kwenye kitanda cha karibu na dirisha, amepungua, miwani zote mbili juu ya kabati dogo. Mkoba wake ulikuwa chini ya mto. Dada yake alinong'ona kwamba amekataa katakata uwekwe kwingine, na kwamba chupa ya dripu anaihesabu matone, hamwamini nesi. Nilikaa. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, yakabaki njiani. Yeye ndiye aliyeanza, kama siku ile ya mvua.

"Kile kipimo," alisema. "Cha nyuma ya kabati."

"Ndiyo, mama."

"Labda kilianguka tu."

Alifumba macho. Nilidhani amelala, nikaanza kuinuka polepole ili benchi lisilie. Akayafumbua.

"Wewe uko hapa," alisema. "Ufunguo umemwachia nani?"

"Mtangazaji."

"Yule anayecheka?"

"Huyo huyo. Ni leo tu, mama. Nimemwandikia kadi. Swichi kubwa, halafu ya betri."

Alinyoosha mkono, akachukua miwani moja juu ya kabati, akaivaa, akanitazama kwa makini kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, kama alivyolitazama lango siku ya kwanza.

"Nenda kachukue ufunguo wako," alisema.